Kifua Kifunguliwe Lini?

MPASUAJI: Kijana ana miaka 19, ana ugonjwa wa Marfan, na mzizi wa aota yake, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, umetanuka hadi sentimita 4.6. Baba yake alifariki ndani ya saa chache kwa maumivu makali ya kifua yaliyohamia mgongoni. Msimamo wangu ni kwamba afanyiwe upasuaji sasa, akiwa bado anaingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake. Mwaka 1999 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa 675 wa Marfan waliobadilishiwa mzizi wa aota. Kati ya waliopangiwa upasuaji mapema, asilimia 1.5 walifariki ndani ya siku 30. Kati ya waliokimbizwa kwa dharura, walifariki asilimia 11.7. Hatari iliongezeka karibu mara nane kwa sababu ya kuchelewa.

DAKTARI WA MOYO: Takwimu hizo nazijua na sizipingi. Ila zilitoka katika vituo 10 vyenye uzoefu mkubwa wa upasuaji huo. Hapa kwetu, kazi kubwa ya mpasuaji wa moyo ni valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, pamoja na watoto waliozaliwa na matundu kwenye moyo. Kubadilisha mzizi wa aota ni kazi nyingine. Inabidi kukata mshipa mkuu, kuchomoa mishipa inayolisha moyo wenyewe na kuishona upya mahali pengine. Asilimia 1.5 ni mali ya vituo vile. Huwezi kumkopesha kijana wetu takwimu za watu wengine, ukamwambia hiyo ndiyo hatari yake.

MZAZI: Kabla hamjaendelea, nielezeni. Mwanangu haumwi. Anapanda ngazi, anacheza, anakula. Huo mshipa unatanuka kwa nini?

DAKTARI WA MOYO: Mama, ukuta wa aota una nyuzi zinazouwezesha kutanuka moyo unaposukuma damu, kisha ukarudi ulivyokuwa. Nyuzi hizo hushikiliwa na protini iitwayo faibrilini. Mwaka 1991 watafiti waligundua kwamba katika ugonjwa wa Marfan kasoro iko kwenye jeni ya FBN1, inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini hiyo. Ndiyo maana mifupa hurefuka, lenzi ya jicho huweza kuhama, na ukuta wa aota hulegea. Fikiria tyubu ya baiskeli iliyochoka sehemu moja: ukijaza upepo, pale palipochoka ndipo panapovimba, na kadiri panavyovimba ndivyo ukuta wake unavyozidi kuwa mwembamba. Hakuna maumivu. Maumivu huja siku tabaka la ndani linapochanika na damu ikajipenyeza katikati ya matabaka ya ukuta.

MPASUAJI: Na siku hiyo ikifika, kwa mchaniko unaoanzia karibu na moyo, kila saa moja inayopita huchukua asilimia 1 hadi 2 ya wagonjwa. Hebu tuhesabu saa zetu. Maumivu yanaanza usiku. Kwanza atapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Kisha itatafutwa gari. Hospitali ya kwanza haina CT Scan, au ipo lakini wa kuitumia hayupo. Mtu mwingine atadhani ni shambulio la moyo na kumpa dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo kwa aota iliyochanika ni balaa. Daktari, wewe unasema vituo vyetu havijafikia vile 10. Basi dharura zetu nazo hazijafikia dharura zao. Hoja yako inanisaidia mimi.

DAKTARI WA MOYO: Ingekusaidia kama mchaniko ungekuwa na hakika. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 unashauri upasuaji kwa mwenye Marfan aota ikifika sentimita 5. Kwenye 4.5 unaruhusu pale penye kiashiria cha ziada: aota inakua kwa milimita 3 au zaidi kwa mwaka, au kuna ndugu aliyechanika aota. Mwongozo huohuo unatambua kwamba watu hawalingani kimo. Unachukua eneo la mkato wa aota kwa sentimita za mraba, unaligawa kwa urefu wa mtu kwa mita. Ikifika 10, upasuaji una sababu. Kijana wetu ana urefu wa mita 1.95. Aota ya sentimita 4.6 ina eneo la takriban 16.6. Ukigawa unapata 8.5. Mwanamke wa mita 1.55 mwenye aota hiyohiyo angekuwa na 10.7. Kwa kipimo hicho, kijana bado ana nafasi.

MPASUAJI: Umeruka kiashiria cha ndugu. Baba yake je?

DAKTARI WA MOYO: Sijakiruka. Nauliza tunajuaje kwamba baba yake alichanika aota. Hapakuwa na CT wala uchunguzi wa maiti.

MZAZI: Tulimzika siku ileile, kama dini yetu inavyotuelekeza. Cheti kiliandikwa presha. Wapo waliosema ametupiwa kitu. Mimi nilimwona. Alishika kifua, akasema kama kitu kimechanika, kisha maumivu yakateremka mgongoni. Alikuwa mrefu kuliko ndugu zake wote, vidole vyake virefu, na miwani alivaa tangu utotoni. Mnataka ushahidi gani mwingine?

DAKTARI WA MOYO: Pole sana, mama. Ulichosimulia kinafanana kabisa na kuchanika kwa aota, na mimi moyoni naamini ndivyo ilivyokuwa. Ila kuna tofauti kati ya kuamini na kumlaza kijana mezani, nikasimamisha moyo wake na kumtegemeza kwa mashine kwa sababu ya imani hiyo.

MPASUAJI: Katika nchi ambazo maiti hazichunguzwi, ukidai cheti chenye neno aota, hakuna familia itakayokidhi sharti lako. Utakuwa umeandika mwongozo unaomlinda daktari na kumwacha mgonjwa. Simulizi ya mke aliyekuwepo ni ushahidi. Kimo, vidole na macho ya marehemu ni ushahidi. Na ushahidi mkubwa kuliko yote ni mtoto mwenyewe, mwenye ugonjwa huohuo.

DAKTARI WA MOYO: Hapo kwenye ugonjwa huohuo napo pana swali. Kijana hajapimwa vinasaba. Tumemtambua kwa lenzi iliyohama pamoja na mzizi wa aota uliotanuka, na vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 vinakubali utambuzi huo. Lakini wapo wagonjwa wanaoitwa Marfan kwa urefu wa mwili peke yake, kumbe wana Loeys-Dietz, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 2005, ambao aota huweza kuchanika ikiwa bado ndogo. Wengine wana Ehlers-Danlos ya mishipa, ambayo kasoro yake iko kwenye kolajeni. Hao tishu zao huchanika hata chini ya uzi wa mpasuaji. Kwa Loeys-Dietz ungepaswa kuharakisha, na kwa Ehlers-Danlos ya mishipa ungepaswa kusita sana. Ukimpasua mtu kabla hujajua ana lipi, unaweza kumuua kwa nia njema.

MPASUAJI: Nakubali, na ndiyo maana kabla ya kisu natazama macho, kimio na ngozi. Kimio kilichogawanyika na macho yaliyoachana sana hunipeleka kwenye Loeys-Dietz. Ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa hunipeleka kwenye Ehlers-Danlos. Lenzi iliyohama inanirudisha kwenye Marfan. Kijana huyu lenzi yake imehama. Kipimo cha vinasaba kikipatikana, kifanyike. Sampuli ikihitaji kusafirishwa nje na familia haina fedha, simfanyi kijana mateka wa maabara.

MZAZI: Mimi nauliza dawa. Kila siku naambiwa ameze vidonge. Vinamsaidia au vinatuliza nafsi zetu tu?

DAKTARI WA MOYO: Vinasaidia, mama. Mwaka 1994 lilichapishwa jaribio la watu 70, na waliopewa propranololi aota zao zilitanuka polepole kuliko wasiopewa. Dawa za kundi hilo hupunguza mapigo na nguvu ambayo damu inaupiga ukuta. Baadaye ikaja losatani. Mwaka 2006 ilizuia aota kutanuka kwa panya wenye kasoro ya faibrilini, dunia nzima ikafurahi.

MPASUAJI: Endelea mpaka mwaka 2014. Watoto na vijana 608 waliogawanywa, wengine losatani, wengine atenololi, dawa ya kundi la propranololi. Baada ya miaka mitatu hapakuwa na tofauti. Furaha ya panya haikufika kwa watu.

DAKTARI WA MOYO: Soma matokeo yale vizuri. Losatani ilishindwa kuizidi atenololi. Hilo halina maana kwamba dawa zote mbili hazifanyi kazi. Mwaka 2019 jaribio la Uingereza la watu 192 lilionyesha kwamba waliomeza irbesatani, ndugu wa losatani, mzizi wa aota ulitanuka kwa milimita 0.53 kwa mwaka. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, milimita 0.74. Mwaka 2022 majaribio yalikusanywa pamoja, washiriki zaidi ya 1,400, ikaonekana dawa za kundi la losatani hupunguza kasi ya kutanuka kwa takriban nusu. Na hizi ni dawa za presha, zinapatikana madukani kwetu. Kijana akizitumia vizuri anaweza kupata miaka kadhaa kabla ya kisu, na katika miaka hiyo wapasuaji wetu watakuwa wamezoea zaidi.

MPASUAJI: Umesema kupunguza kasi, na hujasema kusimamisha. Hakuna dawa hata moja kati ya hizo inayorudisha ukuta uliokwisha kulegea. Mwaka 1972 wastani wa umri wa kufa kwa mwenye Marfan ulikuwa miaka 32. Ripoti ya mwaka 1995 ilionyesha kwamba nusu yao wangeweza kutarajia kufika miaka 72. Kati ya tarehe hizo mbili kilichobadilika zaidi ni upasuaji. Operesheni ya Bentall na De Bono ya kubadilisha mzizi wa aota ilichapishwa mwaka 1968, ikaenea miaka iliyofuata.

DAKTARI WA MOYO: Ndani ya miaka hiyohiyo ilikuja eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, zikaja dawa, na wagonjwa wenye dalili hafifu wakaanza kutambuliwa. Usiuvike upasuaji kanzu yote peke yake.

MZAZI: Dawa ziko madukani, sawa. Lakini kijana wa miaka 19 asiyeumwa, kila asubuhi kidonge kinachomfanya achoke na asinzie darasani, mnadhani anameza? Nakuta vidonge chini ya godoro. Na eko kila baada ya miezi sita ni nauli, ni foleni, ni siku ya kazi iliyopotea. Mara moja mpimaji alisema 4.4, mwingine akasema 4.7, ndani ya mwezi mmoja. Nimshike nani?

DAKTARI WA MOYO: Hilo ni kosa letu la kimfumo. Milimita mbili au tatu zinaweza kutoka kwa mpimaji na siyo kwa mshipa. Apimwe na mtu yuleyule, mashine ileile, sehemu ileile ya mzizi, na picha ya CT au MRI ithibitishe. Kidonge kikimchosha tunabadilisha. Kutomeza kimyakimya ndiko kunakomponza. Kuna jingine la kumwambia: asinunue dawa za jamii ya siprofloksasini duka la dawa kila anapohisi homa ya tumbo. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba jamii hiyo huweza kuongeza hatari ya aota kuchanika, na kwamba wenye Marfan na Ehlers-Danlos wasipewe ila pale ambapo hakuna dawa mbadala. Kwetu zinauzwa bila cheti.

MPASUAJI: Yaani unampa kijana orodha hii: meza kila siku maisha yako yote, usinyanyue vyuma, usicheze mpira wa mashindano, usinunue dawa hovyo, rudi kila miezi sita kwa mpimaji yuleyule. Akikosea moja, mshipa unaendelea. Mpango unaotegemea mtu asikosee kwa miaka kumi, mimi siuiti salama.

DAKTARI WA MOYO: Na wako unategemea nini? Ukimwekea mzizi wa bandia wenye valvu ya chuma, atatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi mwisho wa uhai wake. Damu yake ipimwe mara kwa mara, na dozi ibadilike kwa chakula na kwa dawa nyingine. Akipitiliza atavuja damu, akipunguza damu itaganda kwenye valvu. Ni kijana yuleyule anayeficha vidonge chini ya godoro. Losatani akiiruka wiki moja anapoteza kidogo. Wafarini akiiruka wiki moja anaweza kupooza.

MPASUAJI: Ndiyo maana nataka nimpate mapema! Valvu yake mwenyewe ikiwa bado nzima, naweza kuibakiza, nikabadilisha mshipa tu. Tirone David na mwenzake waliichapisha njia hiyo mwaka 1992. Hapo hahitaji wafarini ya maisha. Ukisubiri, valvu hunyooshwa na mzizi unaotanuka, inaanza kuvujisha, na nafasi ya kuibakiza inapungua. Dharura usiku wa manane ndiyo inayokupa valvu ya chuma.

DAKTARI WA MOYO: Kubakiza valvu ni kazi ngumu kuliko kuitoa, na baadhi hurudi mezani baadaye valvu ikianza kuvuja. Tena aota haiishii kwenye mzizi. Sehemu ya mgongoni na tumboni bado ina faibrilini ileile. Baada ya kisu chako atarudi kwangu kwa vidonge na picha.

MPASUAJI: Atarudi akiwa hai.

MZAZI: Sasa niulize mimi, na mnijibu kwa namba zenu wenyewe. Wewe mpasuaji, operesheni hii ya kubakiza valvu umeifanya kwa wagonjwa wangapi?

MPASUAJI: Nikiwa msaidizi wa walimu wangu nje ya nchi, nyingi. Nikiwa mpasuaji mkuu, hazijafika kumi.

MZAZI: Na wewe daktari, hao uliowaambia wasubiri, wangapi wamefariki?

DAKTARI WA MOYO: Wanaorudi kliniki nawajua. Wapo ambao hawakurudi. Simu hazikupokelewa, au wamehama. Siwezi kukuhakikishia kwamba wote wako hai.

MPASUAJI: Hapo ndipo mizani inapopotoka. Mgonjwa akifia mezani kwangu, jina langu linaandikwa na kikao kinaitishwa. Akifia nyumbani akisubiri, inaandikwa presha. Vifo vya kungoja havina mwenyewe, kwa hiyo kungoja kunaonekana salama.

DAKTARI WA MOYO: Hoja hiyo imenigusa. Hata hivyo dawa yake ni kuwafuatilia wanaongoja kwa daftari na simu. Kutojua kwangu hesabu yangu hakuifanyi hesabu yako iwe ndogo. Apelekwe kituo chenye wapasuaji wanaofanya operesheni hii kila wiki, hata kama ni India, ambako wagonjwa wetu wa moyo wamekuwa wakipelekwa kwa miaka mingi.

MPASUAJI: Kwa fedha ya nani? Na kila tunayempeleka nje ni mgonjwa ambaye mikono yetu haikujifunza kwake. Utasema hatuna uzoefu mpaka lini, ikiwa wa kutupa uzoefu tunawapandisha ndege?

MZAZI: Mwanangu si darasa, daktari.

MPASUAJI: Samahani, mama. Umesema kweli. Nitakayeshika kisu sitakuwa peke yangu. Nitamwita mwalimu wangu asimame mezani nami, na asipokuja sitaanza.

DAKTARI WA MOYO: Kabla ya hapo kuna mtu ambaye hatujamtaja. Dada yake. Mwenye Marfan humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Mchezaji wa voliboli wa Marekani, Flo Hyman, alianguka akafa katikati ya mechi Japani mwaka 1986. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba ana ugonjwa huu. Kifo chake kikafanya ndugu yake wa kiume apimwe, akakutwa na tatizo hilohilo, akafanyiwa upasuaji. Binti yako anafanyiwa posa. Mimba huongeza hatari ya aota kuchanika. Ikiwa mzizi wake umezidi sentimita 4.5, inashauriwa atengenezwe kwanza, ndipo ashike mimba.

MZAZI: Unajua unaniomba nini? Wakwe wakisikia ukoo una ugonjwa wa kurithi, posa itavunjika. Na si yake tu, hata ya binamu zake.

MPASUAJI: Asipopimwa, huenda tukamtambua akiwa leba. Hapo ndoa itakuwa salama na yeye hatakuwepo.

DAKTARI WA MOYO: Tusimtishe, mwenzangu. Mama, kipimo cha kwanza ni eko ya nusu saa, na majibu ni yake. Hakuna anayelazimika kuyatangaza. Akikutwa mzima kwa vinasaba pia, amefunguliwa kifungo yeye na watoto wake. Akikutwa nao, anaingia ndoa akijua la kufanya.

MZAZI: Nitamleta. Lakini na ninyi nina sharti kwenu. Mwanangu ni mtu mzima. Mmejadili kifua chake muda wote huu, na hakuna aliyesema aulizwe. Mkimwita, msimpe namba za vituo 10 bila zenu. Mpasuaji aseme hajafika kumi. Daktari aseme hawajui wote walioachwa wangoje. Akichagua akiwa anajua hayo, nitamwuguza kwa lolote.

MPASUAJI: Nitamwambia. Na nitamwambia pia kwamba mimi singengoja.

DAKTARI WA MOYO: Nami nitamwambia ningengoja miezi sita, kwa CT mbili na kidonge kinachomezwa kweli. Aota ikiongezeka milimita mbili, nitamleta kwako mwenyewe.

MPASUAJI: Na ikichanika mwezi wa nne?

DAKTARI WA MOYO: Nitakuwa nimekosea, na nitaliandika kwa jina lake: aota, siyo presha.